Kisigino cha Mguu wa Kulia

Kisigino kilinianza asubuhi moja ya masika, nikiwa nashuka kitandani. Niliweka mguu wa kulia chini, nikaunyanyua palepale. Nilidhani nimekanyaga pini. Mimi nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, na mume wangu ndiye fundi anayevishona na kwenda kuvitundika majumbani kwa watu, kwa hiyo pini nyumbani kwetu hazikosekani. Nikapapasa sakafu, hakuna kitu. Nikapapasa unyayo, hakuna kitu. Nikajaribu kusimama tena, maumivu yakanipanda mpaka gotini. Nikaita, baba watoto, njoo unione.

Alikuja na povu la mswaki mdomoni, akakaa pembeni ya kitanda, akauchukua mguu wangu akaupakata. Naomba nieleweke hapa, maana habari yote iko hapa. Mume wangu alikuwa hajanigusa siku nyingi. Sisemi tuligombana, hatukugombana. Watoto walishaondoka, mmoja kaolewa Dodoma, mwingine yuko kwetu Mtwara kikazi, na sisi wawili tulibaki kuongea vitambaa na vipimo vya madirisha, kisha tunalala kila mtu na ukuta wake. Sasa asubuhi ile yule bwana kaushika mguu wangu kwa mikono miwili, anaubonyeza kwa kidole gumba, ananiuliza ni hapa, au hapa. Nikamwambia hapo hapo. Machozi yakanitoka, yeye akafikiri ni kisigino.

Tangu siku hiyo ikawa kawaida yake. Kabla sijakanyaga chini, lazima anichue kwanza. Mimi nikaanza kutafuta dawa kwa bidii zote, kwa sababu dukani nasimama kwenye saruji tangu nafungua mpaka nafunga, na mteja wa pazia hataki kuhudumiwa na mtu aliyekaa. Anataka umfungulie jora zima, ulishike juu alione mwanga unavyopita, kisha aseme ngoja nizunguke kwanza nitarudi. Nilitaka kupona, wallahi. Ila nilitaka na zile asubuhi ziwepo, na sikuona kama vitu hivi viwili vinagombana.

Kariakoo ukichechemea kidogo tu umeshapata madaktari mtaa mzima. Jirani yangu muuza vyombo aliniambia hiyo ni gauti, niache nyama na maharage. Nikaacha, nikawa nakula mchicha kwa hasira. Mzee wa duka la viungo akanitwangia tangawizi na karafuu nijifunge usiku, na shuka zangu zikanuka pilau wiki nzima. Wenzangu wa kikoba, tunaowekeana na kukopeshana hela, wakanitumia video kwenye simu, kila mmoja na yake: huyu anasema maji ya moto na chumvi ya mawe, huyu anasema barafu, huyu anasema siki. Nikawauliza basi niuchemshe au niugandishe. Mwenye kikundi akasema dada yetu kisigino kimempanda kichwani, wakacheka mpaka nami nikacheka.

Shangazi yangu wa Lindi hakucheka. Alisema kwenye simu kwamba nimekanyaga kitu, nimewekewa mlangoni pa duka na watu wenye kijicho, na kwamba nikioshe kizingiti kwa maji ya chumvi kabla jua halijatoka. Nilimwambia shangazi, hapa mlangoni pangu wanapita watu na maguta ya mizigo kutwa nzima, huyo mchawi atajuaje mguu wangu ni upi. Lakini nilikwenda nikaosha. Maji yakaingia ndani yakalowesha jora la kitambaa chepesi cha kutundikia madirishani, na kisigino kikaendelea kuuma vilevile.

Hospitali nilikokwenda nilikaa benchi mpaka nikaota. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo, ananiamkia shikamoo mama, nami namwitikia marahaba huku najiuliza kama huyu amemaliza shule. Akaniminyaminya, akanipiga eksirei, akaniambia kuna kijifupa kimeota kwenye kisigino lakini kisinitishe, kinachouma ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Umechoka kwa kusimama, umevimba. Usiku unajikunja, asubuhi ukikanyaga unavutika kwa ghafla. Dawa yake, akasema, ni kuunyoosha kabla ya kushuka kitandani, kuweka barafu, kuvaa ndala laini hata ndani ya nyumba, kupunguza mwili, na kuvumilia miezi kadhaa.

Nikamwambia, mwanangu, mimi nimefuata dawa na wewe unanipa subira. Subira ninayo nyumbani. Akacheka, akaniandikia vidonge vya maumivu ili niondoke nimeridhika. Alitaja na sindano, nikamwambia hiyo aiweke mbali na mimi.

Nilipomsimulia mume wangu jioni ile, hakunicheka. Alinisikiliza, jambo ambalo nilishalisahau. Na kuanzia hapo akawa yeye ndiye mtafiti. Siku moja alirudi na chupa ndogo ya maji aliyoigandisha, akaniwekea sakafuni, akaniambia niivingirishe kwa unyayo huku naangalia taarifa ya habari, niifunge kitambaa kwanza isije ikaniunguza. Siku nyingine akachukua kanga yangu, akaipitisha chini ya vidole vya mguu, akanipa ncha mbili nivute nikiwa nimelala, goti limenyooka, mpaka kigimbi kikaze. Akabadilisha hata namna ya kuchua. Mwanzoni alikuwa anazungushazungusha mafuta ya nyonyo tu. Sasa akawa anavirudisha vidole nyuma kwa mkono mmoja, ule utando unatokeza kama kamba, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili anausugua kwa mapana, hapo hapo panapouma, anaminya na kuachia. Nililia siku ya kwanza. Baada ya siku chache nikaanza kushuka kitandani bila kushika ukuta.

Nikamuuliza haya ameyatoa wapi. Akasema kuna mteja wake Upanga, mama mmoja wa Kihindi anayemtundikia mapazia ya flati nzima, naye aliumwa kisigino mwaka mzima na hizo ndizo dawa zilizomfaa. Basi mimi nikampenda yule mama bila kumwona. Nilikuwa na vipande vya mahameli ya kijani vilivyobaki kwenye kazi ya ukumbi fulani, nikakaa Jumapili nzima nikashona foronya za mito, nikaziwekea marinda pembeni, kazi ya kupendeza kweli. Nikamwambia mume wangu ampelekee yule mama na kumwambia Mungu ambariki. Aliporudi akasema amefurahi sana, ananisalimia.

Nilikuwa na raha, niseme ukweli. Mtu mzima na mvi zangu nilikuwa naamka mapema kusubiri kushikwa mguu. Tulikuwa tunaongea pale kitandani mambo ambayo hatukuwa tumeyaongea tangu tunakuja mjini na sanduku moja. Ananikumbusha chumba chetu cha kwanza, jinsi tulivyokuwa tunashona kwa zamu na cherehani ya kukodi. Wakati mwingine alikuwa analala kazini, kwenye nyumba za mbali za Kibaha na Bagamoyo, na asubuhi hizo nilijinyoosha mwenyewe kwa kanga nikawa naona dunia imepoa. Kuna usiku mmoja wa mvua kubwa hakutulia kabisa, anakwenda dirishani, anarudi, anasema kule bondeni Jangwani leo maji yataingia ndani, watu watalala juu ya meza. Nikamwambia njoo ulale, tuna ndugu gani Jangwani. Akaja akalala.

Halafu ikaja ile asubuhi. Jana yake alikuwa amerudi kutoka Kibaha, amechoka, hata chakula alikigusagusa. Alfajiri nikasikia anajiinua, anakaa kwenye nafasi yake pembeni ya kitanda, macho yamefumba, usingizi haujamtoka. Mkono wake ukaingia chini ya shuka ukashika mguu wangu. Akaupakata, akavirudisha vidole nyuma, kidole gumba kikaenda moja kwa moja mahali pake, kwa ndani kidogo, karibu na ukingo wa unyayo. Mimi panaponiuma ni katikati. Akaminya na kuachia, akaminya na kuachia, bila kutafuta, mkono unajua njia.

Ulikuwa mguu wa kushoto.

Nilibaki nimelala naangalia dari, nasikia mkono wa mume wangu ukimhudumia mtu mwingine kwenye mwili wangu, na nikaona ni mtu anayehudumiwa vizuri kabisa. Kisha nikamwambia, "Huo siyo."

Mkono ukasimama. Akafumbua macho, akaangalia mguu, akaniangalia mimi. Akasema ni usingizi tu, akaurudisha ule akashika wa kulia. Lakini mikono ilikuwa inapapasa, haijui pa kushika, na mimi nimeishi na mikono hiyo tangu ujana, naijua inaposhika mkasi na inaposhika sindano. Nikauvuta mguu wangu nikajifunika.

"Wa kushoto ni wa nani?"

Nje waadhini walishaanza kupokezana. Mwisho akasema. Ameoa tangu mwaka jana. Ni yule mwanamke anayeuza fito za mapazia, duka lake liko mtaa wa nyuma kuelekea Msimbazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma huko mara ya kwanza, kwa sababu nilisikia fito zake ni imara. Amempangia chumba Jangwani. Ndoa ilifungwa nyumbani kwa kaka wa mume wangu, na wifi yangu, huyu anayekula kwangu kila Idi na kubeba mabaki kwenye hotpoti, ndiye aliyepika pilau siku hiyo. Nikauliza na yule mama wa Upanga. Akasema hakuna mama wa Upanga.

Mimi mdomo wangu haujawahi kulala njaa. Nilimpa vidonge vyake vyote asubuhi ile, yeye na kaka yake na wifi yangu na pilau lao, nikamaliza na kurudia. Alikaa kimya anapokea. Laiti angeendelea kukaa kimya. Lakini akataka kujitetea, na katika kujitetea akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakaa chini. Akasema, "Lakini yeye ana roho nzuri. Hizo dawa zote ndiye aliyekutafutia. Aliniambia usimwache mwenzio anateseka."

Mambo ya kunifanyia siri ningeweza kuyapigia kelele mpaka mtaa mzima ukasikia. Ila huruma ya yule mwanamke ningeipeleka wapi? Chupa yake ya barafu nilikuwa nayo kwenye friji langu. Kisigino changu kilikuwa kinapona kwa mkono wake, na zile asubuhi nilizokuwa nazihesabu ni zangu, mume wangu alikuwa anafundishwa kwake halafu anakuja kunifanyia mimi. Nililia siku ile kama mtoto aliyepotea sokoni. Sikufungua duka.

Nilidai talaka yangu. Akalia na yeye, akasema hatoi, akaleta wazee, akaleta shehe wa msikiti wetu na yule kaka yake ambaye hakuthubutu kuniangalia usoni. Wakaongea sana kuhusu haki na uadilifu. Mwisho wakapanga zamu, siku kadhaa kwangu na siku kadhaa kwake, nikaulizwa kama nimeridhia. Nikasema nimeridhia. Watu wa kikoba wakanisifu kwamba nina moyo. Sina moyo wowote. Niliridhia kwa sababu niliangalia mbele nikaona asubuhi zote zilizobaki, mimi na kanga yangu navuta ncha mbili peke yangu, na nikaogopa.

Siku ya kwanza ya zamu yangu aliamka akakaa pembeni ya kitanda, hakunigusa. Alikuwa ananisubiri. Mimi niliapa kwamba mkono ule haunigusi tena. Tukakaa hivyo mpaka kukapambazuka kabisa, halafu mguu wangu wa kulia, sijui niseme nini, ulitoka chini ya shuka. Akaushika.

Muda ukaenda. Nikanunua ndala laini za ndani, nikaweka zulia zito nyuma ya meza ya dukani nisisimame kwenye saruji, na mwili ukapungua wenyewe kwa sababu chakula kilikuwa hakipiti. Asubuhi moja ambayo si ya zamu yangu nilishuka kitandani nikaenda jikoni, nikabandika chai, nikarudi, ndipo nikashtuka kwamba nimetembea bila kufikiria mguu. Nikarudi kwa yule binti daktari. Alibonyeza kila mahali kwa nguvu zake zote, ananiuliza mama panauma, nasema hapana, na hapa, nasema hapana. Akanipa hongera, akasema wengi huchukua muda mrefu zaidi, bila shaka nyumbani nina mtu ananisaidia vizuri. Nikamwambia ninaye.

Zamu yangu ilipofika, mume wangu akaamka, akaupakata mguu, akauliza kinaendeleaje. Nikamwambia bado.

Nilisema hivyo kabla sijafikiri, na nikasema tena zamu iliyofuata. Nikawa nakunja uso anapofika pale katikati. Nikawa nasema polepole hapo, mume wangu. Mimi, ambaye wenye maduka wananiogopa kwa mdomo wangu, nilikuwa naigiza maumivu ya kisigino ili mtu anishike mguu. Aibu niliyoisikia ni kubwa, na sikuacha.

Siku moja mchana nikaamua kwenda kumwona. Nilijiambia nakwenda kumtolea uvivu. Nilivaa vizuri, nikapita katikati ya maguta na wamachinga, nikakata kona ya mtaa wa nyuma. Nilitegemea msichana. Ningemkuta msichana ningejua la kusema. Nikakuta mwanamke wa rika langu, mtandio umemtelemka, mvi zimemtoka upande mmoja kama mimi, amepanda kwenye stuli ndefu anatoa fito juu kwa ajili ya mteja. Alizipata, akaruka chini. Aliruka mwili mzima na akatua kwa mguu wa kushoto, akageuka kwa mguu huohuo kwenda kufunga mzigo, akaupeleka mlangoni mwenyewe, hatua zimenyooka kabisa. Sikuona dalili ya mtu mwenye kisigino kibovu. Nikasema moyoni, huyu keshapona zamani.

Kiti chake kilikuwa nyuma ya meza. Juu yake kulikuwa na mto, foronya ni mahameli ya kijani yenye marinda yangu. Imekaliwa vizuri, imefuliwa, haijachakaa.

Aliponiona nimesimama akasema karibu. Hakunijua usoni. Kisha akaona ninavyoutazama ule mto, macho yake yakashuka kwenye miguu yangu, yakatulia pale, na nikaona amenijua. Nilikuwa nimeingia kwa kasi, nimepanda ngazi ya dukani kwake bila kushika kitu. Alitazama mguu wangu wa kulia kwa muda, na mimi nilikuwa nimeshautazama wake wa kushoto. Nikauliza kama ana fito za shaba. Akasema zimekwisha, zitakuja. Nikasema haya. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema, "Karibu tena, dada." Nikaondoka.

Sikumwambia mume wangu kama nilikwenda. Nilisubiri kwenye zamu yangu nisikie kama yeye amemwambia, kwamba mke wako mkubwa kaja dukani kwangu anatembea kama askari. Zamu ikafika. Asubuhi akaamka, akakaa mahali pake, akauchukua mguu wa kulia, akavirudisha vidole nyuma. Akaniuliza leo afadhali? Kwa hiyo hakumwambia. Nikasema bado, kuna unafuu lakini asubuhi kinauma.

Akahema. Aliniminya taratibu pale katikati, anaangalia dirisha ambalo mapazia yake alishona mwenyewe mwaka tuliohamia. Alionekana amezeeka, mabega yameanguka. Akasema haya magonjwa ya visigino ni mtihani, hajui afanye nini tena, dawa zote ameshajaribu.

"Mwenzio naye bado," akasema. "Asubuhi hawezi kukanyaga kabisa mpaka nimchue kwanza."

Nikafumba macho. Nilimwona akiruka kutoka kwenye stuli.

"Mpe pole," nikamwambia.

Akasema atamfikishia. Kidole gumba kikarudi katikati ya unyayo, kikaminya, na mimi nikakunja uso.